Namna ya Kuunga Mkono Kodi ya Usafiri wa Umma Inayomfikia Kila Mkazi

Nauli peke yake haiwezi kuendesha usafiri wa umma wa mji mkubwa. Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, fedha zinazolipwa na abiria hugharimia sehemu tu ya mafuta, mishahara ya madereva na matengenezo ya magari, na pengo linalobaki huzibwa kwa fedha za umma. Swali ambalo kila mji hulazimika kulijibu ni fedha hizo zitoke kwa nani, na zikishapatikana ziende kwenye njia zipi. Kodi ya mji au ya wilaya iliyotengwa kwa ajili ya usafiri ni jibu mojawapo, nalo ni jibu linalohitaji wananchi wa kulisemea, kwa sababu anayeumizwa na kodi mpya anajijua leo, ilhali atakayenufaika bado anasubiri basi ambalo halijaanza kupita.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa kawaida au kikundi kidogo cha wakazi, si kwa mtaalamu wa fedha wala mwanasiasa. Msimamo wangu niuseme mapema: sehemu kubwa ya kazi ya kutetea usawa hufanyika kabla kampeni haijaanza, wakati maandishi ya pendekezo yangali yanaweza kubadilishwa. Anayejitokeza siku ya kubandika mabango anaweza kusaidia kodi ipite, lakini hana tena sauti katika kuamua kodi hiyo imebeba nini.

Soma pendekezo lenyewe kabla ya kulisemea

Hatua ya kwanza ni kupata nakala kamili ya pendekezo, si kipeperushi wala taarifa ya habari inayolieleza. Ofisi ya karani wa halmashauri, au ofisi inayosimamia uchaguzi, huwa na nakala hiyo, na katika miji mingi mkazi yeyote ana haki ya kuisoma. Isome ukiwa na kalamu, na utafute mambo haya: ni kodi ya aina gani, kiwango chake ni kipi, itatozwa kwa miaka mingapi, fedha zitagawanywa vipi, nani atasimamia matumizi, na ni kifungu gani kinachoruhusu mgawanyo huo kubadilishwa baadaye. Kifungu hiki cha mwisho ndicho ambacho wengi hukiruka, nacho ndicho chenye hatari kubwa kuliko vyote, kwa kuwa mpango mzuri unaoweza kubadilishwa kwa kura chache za bodi bila kurudi kwa wananchi ni ahadi tu.

Aina ya kodi inastahili kuchunguzwa kwa kina, kwa sababu usawa huanzia kwa mlipaji. Nchini Marekani miji mingi hutumia kodi ya mauzo. Kaunti ya Los Angeles, kwa mfano, imepitisha kodi nne za nusu asilimia kila moja kwa ajili ya usafiri, mwaka 1980, 1990, 2008 na 2016. Kodi ya mauzo huingiza fedha nyingi na hulipwa hata na wageni wanaopita, lakini humlemea zaidi mwenye kipato kidogo. Chukua kaya inayopata 1,000 kwa mwezi na kutumia 900 kwa bidhaa zinazotozwa kodi: nusu asilimia ya 900 ni 4.50, yaani asilimia 0.45 ya kipato chake. Kaya inayopata 10,000 na kutumia 4,000 kwa bidhaa hizo italipa 20, ambayo ni asilimia 0.2 tu ya kipato chake. Kiwango kilichoandikwa ni kilekile kwa wote, lakini kaya ya kwanza inabeba zaidi ya mara mbili ya mzigo wa kaya ya pili.

Zipo njia nyingine, na ni vyema kuzijua ili mtu akikuambia kwamba hakuna namna nyingine uwe na la kumjibu. Ufaransa iliwatoza waajiri wa eneo la Paris kuanzia mwaka 1971, kisha mwaka 1973 utaratibu huo ukaruhusiwa katika miji mingine mikubwa. Leo hulipwa na waajiri wenye wafanyakazi 11 au zaidi, kwa hoja kwamba mwajiri ananufaika wafanyakazi wake wanapofika kazini. Mji wa Vienna una tozo ya aina hiyo tangu mwaka 1970, na mwaka 2012 iliongezwa hadi yuro 2 kwa wiki kwa kila mfanyakazi. Huko Portland, katika jimbo la Oregon, shirika la usafiri limeendeshwa kwa miongo kadhaa kwa kodi ya mishahara inayolipwa na waajiri. Indianapolis ilichagua kodi ya mapato: mwezi Novemba 2016 wapiga kura waliidhinisha asilimia 0.25 ya kipato kwa ajili ya mabasi, hivyo mwenye kipato cha dola 40,000 kwa mwaka analipa dola 100 na asiye na kipato halipi kitu. London, tangu Februari 2003, huwatoza wenye magari wanaoingia katikati ya mji. Kodi ya majengo nayo hutumika, ila inahitaji uangalifu, kwa kuwa mstaafu mwenye nyumba na fedha kidogo huumia, na mwenye nyumba ya kupangisha huihamishia kwa mpangaji.

Je, inafaa kuunga mkono kodi ya mauzo licha ya kasoro yake? Kwa maoni yangu inafaa, ikiwa sheria ya nchi au ya jimbo hairuhusu mji kutoza kodi nyingine na ikiwa matumizi yanarudisha kwa maskini zaidi ya kile kilichochukuliwa kwao. Hata hivyo usiifiche kasoro hiyo. Mpinzani ataisema, na ni afadhali wapiga kura waisikie kwanza kutoka kwako, pamoja na maelezo ya namna pendekezo linavyoipunguza.

Tenganisha ujenzi na uendeshaji

Hapa ndipo mapendekezo mengi yenye nia njema hupotoka. Fedha za ujenzi hununua reli, vituo na mabasi mapya. Fedha za uendeshaji humlipa dereva wa zamu ya usiku, fundi wa gereji na mfagiaji wa kituo. Ujenzi una sherehe ya ufunguzi na picha za viongozi, wakati basi linalopita kila baada ya dakika 10 badala ya 40 halina utepe wa kukata. Kwa sababu hiyo, wanasiasa huvutwa na ujenzi, na mkazi asiye na gari, ambaye anahitaji zaidi basi la mara kwa mara kuliko jengo la kituo, huachwa nyuma.

Historia ya Los Angeles inalionyesha jambo hili kwa pande zote mbili. Kodi iliyopitishwa mwaka 1980 ilipoanza kutumika, sehemu yake ilipelekwa kwenye nauli: kati ya mwaka 1982 na 1985 nauli ya basi ilishushwa kutoka senti 85 hadi senti 50, na abiria wakaongezeka kwa kiasi kikubwa. Kipindi hicho kilipokwisha, nauli ilipanda na abiria wakapungua. Kufikia mwaka 1994 fedha nyingi zilikuwa zikielekezwa kwenye reli huku mabasi, ambayo abiria wake wengi walikuwa maskini na watu wasio weupe, yakijaa kupita kiasi; nauli ilipotangazwa kupanda tena na pasi ya mwezi kutaka kufutwa, umoja wa abiria wa mabasi na washirika wake walifungua kesi ya ubaguzi. Mwaka 1996 pande hizo zilikubaliana mbele ya mahakama kwamba kwa miaka 10 shirika la usafiri lingepunguza msongamano ndani ya mabasi na kuzuia nauli isipande ovyo. Wananchi walikuwa wamekwisha kutoa kodi. Ilibidi waende mahakamani ili kodi hiyo iwafikie.

Kodi zilizofuata katika kaunti hiyohiyo ziliandikwa kwa uangalifu zaidi. Ile ya mwaka 2008 ilitenga asilimia 20 kwa uendeshaji wa mabasi na asilimia 15 kwa miji iliyomo ndani ya kaunti. Ile ya mwaka 2016 ilitenga asilimia 2 mahsusi kwa usafiri wa watu wenye ulemavu na punguzo la nauli kwa wazee na wanafunzi. Unaweza kubishana kuhusu viwango, na mimi ningependa vingekuwa vikubwa zaidi, lakini jambo muhimu ni kwamba vimeandikwa, kwa hiyo vinaweza kudaiwa.

Pima usawa kwa ramani na kwa saa

Neno usawa likibaki kwenye hotuba, kila mtu atakubaliana nalo. Lipime. Chukua ramani ya njia zilizopendekezwa na uiweke juu ya takwimu za sensa zinazoonyesha mitaa yenye kaya nyingi zisizo na gari, wazee wengi, au kipato cha chini. Kisha uliza: katika mitaa hiyo, basi litapita mara ngapi kwa saa? Je, litapita saa tano usiku, na alfajiri ya Jumapili? Mfanyakazi wa mtaa huo atafika hospitali kuu au eneo la viwanda kwa muda gani, akihesabu kutembea, kusubiri na kubadilisha gari? Mara nyingi njia inaonekana nzuri kwenye ramani kwa sababu mstari umepita mtaani, ilhali gari lenyewe hupita mara moja kwa saa na hukoma jioni.

Angalia pia mambo yaliyo nje ya basi. Kituo kisicho na njia ya waenda kwa miguu hakimfai mwenye kiti cha magurudumu, hata kama basi lenyewe lina ubao wa mteremko wa kupandia. Medellín, nchini Kolombia, ilitambua kwamba wakazi wa vilimani walikuwa wametengwa na treni iliyo bondeni kwa sababu ya mwinuko, na mwaka 2004 ikafungua gari la kamba, linalopanda mlima likining'inia kwenye waya, lililounganishwa na treni hiyo. Huko kizuizi kilikuwa mlima. Kwenu huenda kikawa barabara kuu isiyovukika, au nauli inayotozwa upya kila abiria anapobadilisha gari.

Omba usawa uandikwe

Ukishajua kinachokosekana, peleka maombi yako kwa walioandaa pendekezo wakati linajadiliwa na halmashauri au bodi ya usafiri. Peleka maneno ya kifungu, si malalamiko ya jumla. Mfano: pendekezo likisema kwamba «fedha zitatumika kuboresha usafiri wa umma kwa wakazi wote», omba lisomeke hivi: «Kila mwaka, sehemu isiyopungua asilimia 50 ya mapato ya kodi hii itatumika kuongeza na kudumisha huduma ya mabasi katika maeneo yaliyotajwa katika jedwali, na sehemu hiyo haitapunguzwa bila idhini ya wapiga kura.» Asilimia ni ya kujadiliana, muundo wa sentensi ndio unaohitaji kubaki, yaani kiwango cha chini, matumizi yanayotajwa, mahali panapotajwa, na kufuli.

Vifungu vingine vitatu vinastahili kupiganiwa. Cha kwanza kinakataza fedha mpya kuchukua nafasi ya zile za zamani. Bila kifungu hicho, halmashauri inaweza kupokea kodi mpya kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili kuondoa ruzuku iliyokuwa ikiitoa, na abiria asione tofauti yoyote. Cha pili ni nafuu kwa mlipaji mwenye kipato kidogo. Seattle ilipopitisha mwaka 2014 ada ya dola 60 kwa kila gari pamoja na kodi ya mauzo ya asilimia 0.1 ili kuongeza mabasi, iliweka marejesho ya dola 20 kwa wamiliki wa magari wenye kipato cha chini, na mwezi Machi 2015 kaunti yake ilianzisha nauli nafuu kwa watu ambao kipato cha kaya zao hakizidi mara mbili ya kiwango rasmi cha umaskini. Cha tatu ni kamati huru ya usimamizi, yenye abiria wa kawaida ndani yake, yenye haki ya kupata ukaguzi wa hesabu kila mwaka na wajibu wa kuutangaza.

Uwe tayari kusema hapana, na walioandaa pendekezo wajue kwamba uko tayari. Mwaka 2012 eneo la Atlanta lilipigia kura kodi ya usafiri ya asilimia moja, na miongoni mwa waliopinga, pamoja na wahafidhina wasiotaka kodi yoyote, walikuwamo watetezi wa mazingira na viongozi wa tawi la chama cha haki za watu Weusi, walioona kwamba mgawanyo wa miradi haukuwatendea haki. Kodi hiyo ilishindwa. Mwaka 2016 wakazi wa mji wenyewe wa Atlanta walipigia kura nusu asilimia kwa ajili ya mabasi na treni pekee, nayo ikapita kwa kura nyingi. Msaada wa vikundi vya haki una thamani kwa sababu unaweza kukosekana.

Fahamu kiwango cha ushindi

Kabla ya kupanga kampeni, uliza ni nani hasa anayeamua na ni kura ngapi zinazohitajika. Penye kura ya wananchi, nusu ya kura na moja zaidi hutosha katika sehemu nyingi, lakini si kila mahali. Huko California, kodi maalumu inayopelekwa kwa wapiga kura na serikali ya mtaa huhitaji theluthi mbili. Mwaka 2012 kaunti ya Los Angeles ilipata zaidi ya asilimia 66 kwa ajili ya kurefusha muda wa kodi yake na bado ikashindwa, kwa kuwa theluthi mbili ni asilimia 66.67. Uchaguzi huohuo, kaunti ya Alameda ilipata asilimia 66.53, ikakosa ushindi kwa kura zisizofika elfu moja. Miaka miwili baadaye ilirudi kwa wapiga kura na kupata zaidi ya asilimia 70. Pale ambapo theluthi mbili zinahitajika, mtu mmoja anayepinga huhitaji wawili wanaokubali, kwa hiyo huwezi kushinda kwa abiria wa mabasi pekee. Lazima wenye magari wengi nao wakubali.

Mahali ambapo hakuna kura ya wananchi, uamuzi huwa wa madiwani, na hesabu hubadilika kabisa. Andika majina yao, jua nani amekwisha kuamua na nani anasita, na elekeza nguvu kwa wanaosita, kupitia wakazi wa kata zao wenyewe. Barua 10 kutoka katika kata yake humgusa diwani kuliko 200 kutoka kwingineko.

Jenga muungano usiotarajiwa

Vyama vya wafanyakazi, watu wenye ulemavu, wanafunzi, wazee na watetezi wa mazingira ndio washirika wa kwanza, na mara nyingi hawahitaji kushawishiwa sana. Tumia muda zaidi kwa wengine: hospitali inayokosa wahudumu wa zamu ya usiku, chuo kinachokosa nafasi ya kuegesha magari, wenye maduka ambao wateja wao hufika kwa miguu, na viongozi wa dini ambao waumini wao hushindwa kuhudhuria ibada kwa kukosa usafiri. Kila mshirika apewe kazi inayomfaa. Mkurugenzi wa hospitali aandike barua kwa meya, na muuguzi wake azungumze kikaoni. Wale ambao mabasi yanawahusu zaidi wawe kwenye meza ya uamuzi ya kampeni yenyewe, si kwenye picha za kipeperushi tu.

Zungumza na mtu mmoja mmoja

Mazungumzo mazuri mlangoni huanza kwa swali: hapa nyumbani mnasafirije kwenda kazini na shuleni? Jibu litakuonyesha pa kupita. Mwenye gari asiyepanda basi kamwe huenda ana mama mzee asiyeweza tena kuendesha, au mtoto anayemlazimu kutoka kazini mapema ili akamchukue. Sikiliza, kisha taja badiliko moja litakalotokea kwenye njia iliyo karibu naye, ukilitaja kwa jina la njia na saa. Orodha ya manufaa 12 haikumbukwi.

Pingamizi utakalolisikia zaidi ni la kutoaminika: kwamba fedha zitaliwa. Usimjibu mtu huyo kwa kuisifu serikali. Mwambie kwamba wasiwasi wake ni wa haki, kisha mwonyeshe kifungu cha ukaguzi, kamati ya usimamizi na tarehe ya kikomo cha kodi, ukiwa na nakala mkononi. Kama vifungu hivyo havimo, huna jibu, na ndiyo sababu nimesisitiza kazi ya kabla ya kampeni.

Pingamizi la pili husema kwamba anayepanda basi ndiye alilipie, nauli ipandishwe. Eleza kwamba nauli ikipanda, wanaoweza kuacha basi huacha, mapato hayaongezeki kama yalivyotarajiwa, na wanaobaki ni wale wasio na njia nyingine, ambao ndio maskini zaidi. Ongeza kwamba mwenye gari naye halipii barabara peke yake. Sehemu ya gharama yake hutoka kwenye kodi za jumla, zikiwamo za wasio na magari. Kwa anayesema kwamba kodi zimezidi, taja kiasi halisi atakacholipa kwa mwezi kulingana na matumizi yake, kisha umwachie aamue. Kuna atakayekataa hata hivyo. Mshukuru na uende nyumba inayofuata.

Toa ushahidi kwenye kikao cha hadhara

Msemaji wa kawaida hupewa dakika mbili au tatu. Andika maneno yako, yasome kwa sauti nyumbani ukipima muda, na uanze na jambo unaloliomba. Taarifa fupi inaweza kuwa hivi: «Waheshimiwa madiwani, naomba kifungu cha saa za huduma kiongezwe kwenye pendekezo hili. Mimi ni mfanya usafi wa hospitali. Zamu yangu inakwisha saa tano na nusu usiku. Basi la mwisho huondoka saa tano. Kila usiku wa kazi hulazimika kukodi gari au kuomba kusindikizwa. Tuko wengi katika zamu hiyo. Nitailipa kodi hii kila ninaponunua sabuni, na niko tayari kuilipa, ila naomba iandikwe kwamba njia inayopita hospitalini itafanya kazi hadi saa saba usiku.» Hapo kuna ombi, sababu, na mtu anayeonekana. Wasemaji watano wa namna hiyo, kila mmoja na ombi lake ndani ya mpango mmoja, hufaa kuliko 30 wanaorudia kaulimbiu.

Acha nakala ya maandishi kwa karani ili iingie kwenye kumbukumbu. Miaka mitatu baadaye, utakapodai ahadi, kumbukumbu hiyo itakufaa.

Kuhusu sheria za kampeni, jambo moja ni la lazima: jua kinachoruhusiwa kabla ya kukusanya au kutumia fedha. Katika sehemu nyingi kikundi kinachochangisha fedha za kampeni hutakiwa kujisajili na kutoa taarifa, na watumishi wa umma hawaruhusiwi kutumia saa za kazi wala fedha za ofisi kushawishi kura, ingawa wanaweza kutoa maelezo. Nchini Marekani, mashirika ya hisani yaliyosamehewa kodi yanaweza kuunga mkono pendekezo la kodi kwa mipaka fulani, lakini hayaruhusiwi kumuunga mkono mgombea. Viongozi wengi wa mashirika hayo hukaa kimya kwa kuogopa marufuku ambayo haihusu pendekezo la kodi.

Baada ya kura

Kodi ikipita, kukusanya huanza kabla ya huduma, kwa sababu madereva lazima waajiriwe na kufunzwa na magari yaagizwe. Waeleze watu hivyo mapema. Indianapolis ilipiga kura Novemba 2016, na njia yake ya kwanza ya mabasi ya haraka ilifunguliwa Septemba 2019. Wakati wa kusubiri kama huo huzaa manung'uniko usipotarajiwa. Shinikiza yanayoweza kufanyika ndani ya miezi michache yafanyike kwanza: kuongeza safari kwenye njia zilizopo, kurefusha saa, na kushusha nauli kwa wenye kipato kidogo. Hudhuria vikao vya kamati ya usimamizi, hata vile vya kuchosha, kwani huko ndiko maneno kama «marekebisho madogo ya mgawanyo» hupitishwa bila mtu kuuliza.

Ikishindwa, omba matokeo ya kila kituo cha kupigia kura na uyasome pamoja na ramani uliyoitumia kupima usawa. Nashville ilipigia kura mpango wa reli nyepesi uliogharimu dola bilioni 5.4 mwezi Mei 2018, ukakataliwa na karibu theluthi mbili ya wapiga kura. Novemba 2024 mji huo ulirudi na kodi ya nusu asilimia yenye mpango tofauti, wa mabasi ya saa 24, maili 86 za njia za waenda kwa miguu na taa bora za kuongozea magari, mambo yanayogusa mitaa mingi badala ya korido chache, na safari hii karibu theluthi mbili wakakubali.

Kodi nyingi za namna hii zina kikomo, na siku moja zitahitaji kura nyingine. Ile ya Seattle ya mwaka 2014 ilikuwa iishe mwaka 2020. Wapiga kura waliombwa kuiendeleza, safari hii kwa kodi ya mauzo ya asilimia 0.15, na takribani wanne kati ya kila watano wakakubali, baada ya miaka kadhaa ya kuona mabasi yameongezeka. Kwa hiyo siku ya kwanza ya huduma mpya, piga picha ya ratiba ya zamani iliyobandikwa kituoni kabla haijaondolewa, andika idadi ya safari za kila njia kwa siku, na uihifadhi pamoja na nakala yako ya pendekezo.